Fifti Iliyorudi na Namba 35

Kamera ya Zenit ya baba mdogo wa kijana mmoja haikuhitaji betri. Kipima mwanga chake kilikuwa kidirisha kidogo juu ya lenzi kilichofanya kazi kwa mwanga unaokiangukia, basi. Katika Kasulu ya miaka ya 1990, mji ambao umeme wake ulikuwa wa jenereta, hilo halikuwa jambo dogo. Kamera hiyo iliundwa kiwandani karibu na Moscow, na ilikuja na lenzi moja tu: Helios 44-2 ya milimita 58, yenye tundu linalofunguka hadi f/2. Hakuna aliyeisifia kwamba ni lenzi ya kula mwanga. Ilikuwa lenzi ya kamera, kila mtu alikuwa na ya namna hiyo.

Kijana alianza kazi kwa kubeba begi. Leo ni mtu mzima, anapiga picha za harusi, kipaimara na mahafali kutoka Kasulu hadi Kibondo, lakini anachokumbuka zaidi ni vidole vya baba mdogo. Helios ina pete mbili za tundu, moja ya kuchagua namba na nyingine ya kufungua na kufunga. Mzee alifungua tundu lote ili aone vizuri, akasogeza fokasi mpaka kope za mtu zikasimama wazi, akafunga kwa kidole gumba bila kuondoa jicho, ndipo akabonyeza. Mkanda ulikuwa wa picha 36 na kila moja ilikuwa hela. Lenzi haikuvuta kitu karibu wala kukisukuma mbali. Ukitaka uso wa bibi harusi, unamsogelea. Ukitaka ukoo mzima, unarudi nyuma, wakati mwingine hadi kwenye migomba.

Mkanda ulipoanza kuwa adimu na picha za kusafisha zikapungua, kijana alinunua Nikon D3100 iliyotumika, kamera ya dijitali iliyoingia sokoni mwaka 2010. Ilikuja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55. Furaha yake siku hizo ilikuwa ya kweli: unasimama mahali pamoja, unazungusha pete, kanisa zima linaingia, unazungusha tena, ni pete ya ndoa peke yake. Miaka kadhaa alidhani amepanda daraja.

Kilichomwamsha ni giza. Lenzi ile ikivutwa hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba za tundu huwachanganya wanaoanza, kwa sababu namba ndogo ndiyo tundu kubwa: f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Maana yake, ndani ya ukumbi ambamo lenzi ya kuvuta inadai shata ikae wazi sehemu ya 10 ya sekunde, lenzi ya f/1.8 inaridhika na sehemu ya 100 hivi. Katika sehemu ya 10 ya sekunde, mtu anayecheza ngoma anakuwa ukungu. Kwa hiyo alitegemea flashi, na picha zake za usiku zikafanana zote: nyuso nyeupe kama unga, nyuma giza tupu, mapambo ambayo familia ililipia hayaonekani.

Mwishoni mwa 2015, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena wilayani Kibondo, wageni wenye kamera walipita sana katika miji hii miwili. Jioni moja, kwa mama lishe mmoja wa Kibondo, alimwona mgeni akimpiga picha mpishi kwa mwanga wa balbu moja ya sola. Hakuwasha flashi. Kwenye skrini, mvuke wa maharage ulionekana, na jasho kwenye paji la uso, na moto wa kuni chini ukiwa na rangi yake.

"Kaka, hiyo lenzi gani?"

"Ni fifti tu, milimita 50," mgeni akajibu, akampa ashike.

Ilikuwa nyepesi, fupi, haizunguki kuvuta chochote. Alijikuta ameshika Helios ya baba mdogo.

Akatuma hela Dar es Salaam. Lenzi ikaja na basi, Nikkor ya 50mm f/1.8D, na kamera ikakataa kupiga. Skrini iliwaka maandishi "FEE", akadhani ameuziwa mbovu. Ilikuwa pete ya tundu: kwenye lenzi za aina hiyo lazima izungushwe hadi f/22 na kufungwa hapo, kisha tundu linaongozwa na kamera yenyewe. Alipovuka hilo akakuta jingine zito zaidi. Lenzi ya D haina mota ndani yake. Inasubiri mota ya kwenye kamera, na D3100 haina. Fokasi ikabaki kazi ya mkono. Muuzaji hakumwambia, naye hakuuliza. Ndiyo maana siku hizi, kijana yeyote mwenye Nikon ndogo akimuuliza anunue ipi, kwanza humuuliza kama jina la lenzi lina herufi AF-S, alama ya lenzi yenye mota yake ndani.

Fokasi ya mkono haikumtisha. Aliijua tangu Zenit. Kilichomshinda ni kuta. Sensa ya D3100 ni ndogo kuliko mkanda, hivyo 50 inaona kama 75 ya zamani. Katika sebule ambayo unaweza kurudi nyuma mita 4, inakuonyesha upana usiofika mita 2: wazazi wawili wanaingia, shangazi anabaki nje. Helios ya milimita 58 kwenye mkanda, ukisimama palepale, ilionyesha kama mita 2 na nusu. Ukitafuta kwenye kamera hizi lenzi inayoona hivyo, jibu ni 35.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wanaambiwa "nunua fifti" kwa sababu wakubwa wao walikuwa na fifti, kumbe fifti ya wakubwa, kwenye sensa ndogo, inaitwa 35. Nikon waliitoa 35mm f/1.8 ya kamera hizi mwaka 2009, kwa dola 200 hivi, ikiwa na mota yake. Wenye Canon ndogo wana 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, iliyoanza kwa dola 125, gramu 160, nzuri mno kwa nyuso lakini inaona kama 80. Kwa sebule za Kasulu si chaguo la kwanza.

Yeye alinunua 35. Amejifunza pia kutoiacha kwenye f/1.8 kila mara: mtu akiwa karibu, jicho moja linasimama wazi na sikio limeshayeyuka. Maharusi wawili wasiosimama mstari mmoja anawapiga kwa f/2.8. Na tangu umeme wa gridi ulipofika mwaka 2022 na kumbi zikajaa taa za LED, shata anaiweka sehemu ya 100 ya sekunde, iende na mapigo ya umeme, la sivyo mistari inapita juu ya gauni.

Kama unataka kununua, fanya alivyofanya yeye kabla ya kutuma hela ya pili. Funga pete ya lenzi yako ya kuvuta kwa selotepu kwenye 35, upige wiki nzima bila kuigusa, ndani na nje. Wiki inayofuata, ifunge kwenye 50. Hesabu ni mara ngapi mgongo wako umegonga ukuta.