Bustani kabla ya mvua

Ndugu vijana, wenzetu wa nchi za baridi hutayarisha bustani zao za umma theluji inapokwisha. Sisi wa Lubumbashi hatuna majira hayo; kupanda kwetu hungoja mvua za mwezi wa kumi au wa kumi na moja, nayo ardhi nyekundu, baada ya miezi ya kiangazi, imekuwa ngumu kama tofali. Anayengoja mvua ndipo achimbe amekwisha kuchelewa. Kazi ni ya mwezi wa tisa, jakaranda zinapochanua: kuchimba mashimo, kuchanganya udongo na samadi, kuokota mifuko ya plastiki, na kufukia majani makavu badala ya kuyachoma, maana moto huteketeza kile ambacho kingeurutubisha udongo.

Lakini ugumu hauko katika jembe. Sisi tuliozaliwa zama za Mobutu tuliijua salongo tukiwa watoto, na salongo ilikuwa amri. Amri ilipolegea, wengi waliliweka jembe chini, na bustani ya wote ikawa ya serikali, yaani si ya mtu. (Neno lenyewe ni zuri, kilicholiharibu ni fimbo.) Ninyi mnaokuja Jumamosi pasipo daftari la mahudhurio mnalirudishia heshima yake. Wapita njia watawauliza mnalipwa na nani. Wajibuni kwa adabu, kisha wapeni jembe la ziada; tumewaona wengine wakibaki hadi adhuhuri.