Majagi mawili ya mabibo

Novemba, mabibo yanapoiva Kisarawe, harufu humpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Familia moja ya Kibaha iliyokwenda kumwona bibi Jumamosi ilipokewa hivyo. Shikamoo hazijaisha, watoto walikuwa chini ya mikorosho, mashati yameshaingia madoa. Na doa la bibo halitoki, mama yeyote wa Pwani anajua.

Bibi aliwakatia vipande, akavinyunyizia chumvi kupunguza ukakasi, kisha akakamua juisi. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini halingoji mtu. Juisi yake ikiachwa kwenye joto la Pwani, haikuchemshwa wala kuwekwa kwenye friji, huanza kuchacha siku hiyohiyo. Kesho yake ina povu, imekuwa pombe hata kama hakuna aliyekusudia. Kusini huiita uraka. Ikipikwa na mvuke wake ukapozwa, ndiyo gongo.

Baba wa watoto akakumbuka wiski ya Uskoti ya miaka 25 aliyoonjeshwa harusini, tone tu chini ya glasi. Ilinukia mbao na zabibu kavu, ikashuka taratibu. Sheria ya huko inataka wiski ikae kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3. Zile za bei kali hukaa 25 au 30, na kila mwaka kama asilimia 2 hupotea hewani, ndiyo maana chupa huwa chache.

Bibi akacheka. "Miaka 25! Ya huku ikipikwa usiku, alfajiri imekwisha, mwanangu."

Kisha akanyamaza. Mdogo wake, fundi baiskeli wa zamani, leo anaongozwa kwa fimbo. Macho yalikwenda baada ya usiku mmoja wa gongo. Pombe hiyo imepigwa marufuku, lakini kinachotisha zaidi ni kwamba hakuna anayeipima. Yaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua, na mnywaji haitambui kwa kuonja.

Jioni mjukuu wa miaka 6 aliomba juisi tena. Jikoni palikuwa na majagi mawili, la leo na la jana, rangi ileile. Mkono wake ulikwenda kwenye la jana. Bibi akaliwahi, akalimwaga lote mgombani, akamkamulia mabibo mengine.