Tanuru la Pinde huko Grayling

Grayling ni mji mdogo wa jimbo la Michigan, nchi ya Marekani, uliozungukwa na misitu ya misonobari. Mto Au Sable wapita humo, maji yake baridi na maangavu. Wapenda pinde wanaujua mji huo, kwa kuwa mwaka 1947 Fred Bear alihamishia huko kiwanda chake cha pinde kutoka Detroit, nacho kilikaa hata mwaka 1978, kilipopelekwa Florida. Nasi tulitamani kuona jinsi fundi mmoja aundavyo pinde nyumbani kwake, pasipo kiwanda.

Pinde hizo si za fimbo moja, kama zile za wazee wetu. Fundi hupanga vibao vyembamba vya mti mgumu, na mbele na nyuma huweka ukanda wa nyuzi za kioo. Kila uso hupakwa gundi iitwayo epoksi. Kisha vyote hulazwa juu ya kalibu iliyopindika, na mpira uliojazwa upepo huvikandamiza sawasawa.

Gundi hiyo hugandamana hata pasipo moto. Basi, tanuru la nini? Mzee alitueleza: gundi iliyogandamana katika baridi hulegea upesi ipatapo joto. Upinde ukiachwa ndani ya motokaa juani, vibao vyaweza kubanduka. Na ukivunjika mtu amekwisha kuuvuta, vipande vyaweza kumrukia usoni.

Tanuru lenyewe ni sanduku refu la mbao, alilolipigilia kwa mkono wake. Ndani ameweka sponji ngumu ya kuzuia joto, na juu yake karatasi ya alumini. Chini zimepangwa balbu za umeme za namna ya zamani, zenye uzi unaowaka, mbali na mbao zisije zikaunguza. Kifaa cha umeme huzizima joto likizidi, huziwasha tena likipungua. Balbu hizo ni haba sasa, maana tangu mwaka 2023 nyingi zimekatazwa kuuzwa katika Marekani. Na taa mpya hutoa joto kidogo mno. Kwa hiyo mzee ameziweka akiba kabatini.

Joto litakiwalo ni nyuzi 70 hadi 80, kwa muda wa saa 4 hadi 6. Siku ile mteja alikuwa akingoja, na mjukuu akasema, “Babu, saa 4 zimetimia. Tufungue.”

Mzee akamwonyesha vipimo viwili. Cha hewa kilikuwa kimefika 75 tangu mapema. Cha pili, kilichobanwa karibu na gundi, kilikuwa kimepita 70 saa moja tu iliyopita, kwa sababu kalibu ni nene na hupata moto polepole.

“Tunahesabu tangu gundi ipate moto,” akasema, “si tangu sanduku lipate.”

Mteja akaambiwa arudi kesho. Hakufurahi. Balbu zilipozimwa usiku, mzee hakufungua mlango. Aliacha kila kitu kipoe taratibu humo humo, mbao zisije zikajikunja.

Asubuhi upinde ulitolewa, ukachongwa, ukatiwa uzi. Mzee aliuvuta mara nyingi, kila mara akiuzidishia kidogo, akitega sikio. Haukulia. Ndipo akampa mjukuu auvute.