Mtambo Unaokunywa Maji

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama jikoni kwa shangazi yangu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, nikamwona akiwasha jiko la gesi ya samadi kwa mara ya kwanza. Mwali ulikuwa wa buluu, na sufuria haikushika masizi. Nilirudi ofisini nikaandika makala ya sifa tupu.

Wakati huo ruzuku ya nishati haikuwa jambo geni. Sheria ya mwaka 2005 ilikwisha kuunda Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini, na mwaka 2009 ikaanza programu ya taifa ya gesi ya samadi majumbani, chini ya CAMARTEC ya Arusha. Mwenye ng'ombe alitoa fungu lake, ruzuku ikamwongezea. Shangazi naye alijengewa mtambo kwa msaada wa namna hiyo.

Oktoba iliyopita nilikwenda tena kumjulia hali. Nilimkuta ameinamia mafiga matatu, akipuliza kuni, macho mekundu kwa moshi. Kuku walikuwa wamejilalia juu ya mtambo.

"Shikamoo, Shangazi. Mtambo umeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Mtambo ni mzima. Kilichoharibika ni mgongo wangu."

Hapo ndipo nilipotambua swali ambalo sikuliuliza. Kila ndoo ya samadi hukorogwa na ndoo ya maji. Ugogoni mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Ifikapo Oktoba, madumu hupangwa foleni kisimani tangu alfajiri. Mtambo ulimpunguzia Shangazi safari za kuni, ukamwongezea safari za maji. Mumewe na vijana wao walifurahia chai ya haraka, lakini hakuna aliyeshika ndoo.

Sisemi kwamba ruzuku ni kitu kibaya. Bila msaada ule, Shangazi asingemudu hata simenti. Lakini simenti hununuliwa mara moja, ilhali maji hutafutwa kila siku, na katika nyumba zetu nyingi anayeyatafuta ni mwanamke.

Jioni ile tulifanya kikao cha nyumba. Tulikubaliana kwamba zizi lisakafiwe kwa mteremko, ili mkojo wa ng'ombe, unaofaa badala ya sehemu ya maji, utiririkie mtamboni. Bati liwekewe mfereji na tangi la kukingia mvua. Na hadi mvua zinyeshe, maji ya mtambo yaletwe na wanaume. Shangazi alisikiliza, kisha akasema, "Nimesikia. Nitawasha gesi nitakapoyaona hayo maji."

Alfajiri, nilipokuwa nikielekea kituo cha basi, nilipishana na mumewe akisukuma baiskeli yenye madumu mawili. Alinisalimu huku akitazama pembeni.

Basi msomaji, unapojiandikisha kupata ruzuku, iwe ya gesi au ya umeme wa jua, kwanza kaeni nyumbani mkubaliane ni nani atakayekihudumia chombo hicho kila siku.