Bibi Alinifia

Msimamizi wangu husahihisha kwa wino wa kijani. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili ilirudi imejaa kijani, na kosa lilikuwa karibu lile lile kila ukurasa: vihusishi. Nilipoandika "discuss about", alifuta "about". Nilipoandika "married with", aliandika "to".

Sikuona aibu sana. Kiswahili kimenizoesha -ni: mezani, kabatini, sokoni. Kama kitu kipo hapo hasa, kiko huko tu, au kimo ndani, kitenzi ndicho kinachosema. Mwingereza anataka nichague mapema: on the table, in the cupboard, at the market. Nikanunua daftari, nikaanza kukariri: good at, afraid of, depend on.

Daftari lilinisaidia hadi nilipofika ukurasa wa shukrani.

Bibi yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne, alifariki nikiwa nimempakata, kabla gari halijafika. Nyumbani tunasema neno moja tu: alinifia. Ile i ndogo ya kauli ya kutendea inabeba yote, kwamba nilikuwepo, na kwamba msiba ulinifika mimi. Kwa Kiingereza nilihitaji kihusishi. "Died for me"? Hapana, hakujitoa mhanga. "Died with me"? Ningekuwa nimekufa naye. "Died on me" ilikuwa sahihi, hata kamusi ilikubali, lakini ndivyo watu wanavyosema pia simu ikizima katikati ya mazungumzo.

Nikampelekea mwalimu sentensi ikiwa na pengo. Aliisoma, akaniuliza, "Ilikuwaje, mwanangu?"

Nikamweleza. Kalamu ya kijani ilikuwa mezani, hakuigusa.

"Basi andika hivyo hivyo ilivyokuwa," alisema.

Nikaandika: "She died in my arms." Kihusishi nilichofundishwa darasa la tatu. Haisemi yote yaliyomo katika alinifia. Ile i imebaki nyumbani. Lakini Kiswahili nacho kinasema mikononi mwangu, si pangu wala kwangu. Humo ndimo alimokuwa.