Kifua cha mtoto wetu

Alhamdulillaah, mtoto wetu wa miaka 8 alifanyiwa upasuaji wa moyo Kampala na tumerudi naye nyumbani. Daktari alituonya: mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga, asinyanyuliwe kwa makwapa. Siku ya pili tu bibi yake, kwa mapenzi, akamnyanyua hivyo hivyo. Alilia, nasi tukalia. Sasa tunapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya makalio. Dawa ya maumivu tunampa kwa saa zake, hatungoji alie.

Kilichomuuma zaidi ni sala, maana anataka kusujudu pamoja nasi. Tumemwekea kiti kwenye safu, anasali kwa ishara. Jana alituuliza kama kiti nacho kinapata thawabu. Msimsahau katika dua.