Kauri, Ndewe na Cheti

Meru mjini. Makumbusho yapo katika jengo la mawe la 1916, zamani ofisi ya mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakiwakimbia mabwana waliovaa nguo nyekundu. Huku mlimani kauri na shanga zilishonwa kwenye ngozi walizovaa wanawake, ingawa bahari iko mbali. Nawakumbuka Waapache wa Arizona. Mwali wao huvishwa kipajini kombe la abaloni lililotoka Pasifiki, nao wanaishi bara.

Hapo kufanana kunakoma. Mwali wa Kiapache hucheza siku nne akiwa na vazi la ngozi ya kulungu na unyoya wa tai, kisha hupakwa chavua ya manjano. Hakuna kisu. Kwa Wameru, kutogwa masikio na kuchanjwa tumbo vilimtayarisha binti kwa ukeketaji. Aprili 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipoupiga marufuku, wasichana walishika nyembe wakakatana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Ndani ya miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa.

Gatunga, Tharaka. Hapa mwaka 1996, mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH yalisaidia kuanzisha Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Mabinti hukaa faraghani wiki moja wakifundwa, kisha hutolewa kwa nyimbo, karamu na zawadi. Hupewa na cheti.

Embu, sokoni. Cucu, yaani bibi, mmoja anauza ndizi, ndewe zake zimelegea karibu zifike mabegani.

“Cucu, ziliuma?”

“Kidogo tu, mwanangu. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeniita mtoto.”

Mjukuu wake, mwenye vipuli vidogo, anacheka. Hakukeketwa, wala hataki kuvutwa masikio.

Sheria ya Kenya ya 2011 inakataza ukeketaji, lakini ushanga haukatazwi na yeyote. Waapache wanaonyesha kwamba pambo laweza kuibeba sherehe nzima bila damu. Cheti hufungiwa kabatini, pambo huonwa na soko zima. Wanaotaka unyago mpya udumu Tharaka, Meru na Embu wamtafutie mwali kitu cha kuvaa, tena kiwe kizuri kiasi cha kumfanya mdogo wake aanze kuhesabu miaka.